Kutoka Kufuli Hadi Nambari ya Siri

Msomaji, ukipita katika vichochoro vya Kibera au vya Kawangware, utaona makufuli yakining'inia kwenye milango ya mabati. Kufuli ni mlinzi wa zamani. Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa makao ya askari Wanubi waliotumikia jeshi la Waingereza, nao waliiita Kibra, yaani msitu. Kwa miaka mingi akiba ya maskini wa mitaa hii ilikaa nyumbani, ndani ya mkebe au chini ya godoro, na iliyoilinda ilikuwa chuma.

Mwezi wa Machi, 2007, mambo yaligeuka. Kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, na fedha zikaanza kutumwa kwa simu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga maduka na njia, wapo wakaaji wa Kibera waliopokea msaada wa jamaa zao kwa njia hiyo. Hivyo mkebe ulihamia mfukoni, na badala ya kufuli ikaja nambari ya siri yenye tarakimu 4.

Kwa nini 4? Asili ya desturi hiyo i mbali na Nairobi. Tarehe 27 Juni, 1967, benki ya Barclays ilizindua mashine ya kutoa fedha huko Enfield, London. Mvumbuzi wake, John Shepherd-Barron, alisimulia baadaye kwamba alikusudia tarakimu 6, kama za nambari yake ya jeshini. Lakini mkewe, Caroline, alimwambia kuwa yeye aweza kukumbuka 4 tu. Basi tarakimu 4 zilichaguliwa kwa wepesi wa kukumbuka, wala si kwa nguvu za ulinzi.

Hebu tufanye hesabu. Tarakimu 4 zatoa nambari 10,000. Tarakimu 6 zatoa 1,000,000. Lakini hesabu hiyo huwa bure mtu akichagua 1234 au mwaka wake wa kuzaliwa. Mfikirie mama auzaye mboga Kawangware. Mwizi ampokonyapo mkoba hupata simu na kitambulisho pamoja, na mwaka wa kuzaliwa umeandikwa humo. Kwa dakika chache karo ya mtoto imekwenda.

Simu ya kisasa ina milango miwili: wa kwanza ni wa simu yenyewe, wa pili ni wa fedha. Mlango wa fedha wa M-Pesa ungali na tarakimu 4, lakini ule wa kwanza waweza kuutia 6 au zaidi, hata maneno. Usitumie ufunguo mmoja kwa milango yote miwili, maana aliyekuchungulia ukifungua simu atakuwa amepata na fedha zako.

Nawe, mwanafunzi, una wajibu hapa. Mara nyingi ni wewe uombwaye na mzazi amtengenezee simu. Mfundishe achague tarakimu 6 zisizohusiana na siku ya kuzaliwa wala nambari ya simu. Kisha geuza uso wako anapoziandika, kwani siri ya mzazi si ya mwanawe. Mafundi wa chuma walifanya kazi yao. Nambari, kila mtu hujifulia mwenyewe. Tahadhari kabla ya hatari.