Ujiji: namna watu walivyoingia mjini baada ya safari ndefu ya miguu

Wengi wenu mmefika mahali mlipo kwa miguu. Mnajua kwamba mwendo wa mwisho kabla ya kuingia mjini una uzito wake. Njiani mtu anaogopa bunduki na njaa. Akikaribia mji, anaanza kujiuliza: nani atanipokea? Swali hilo lina historia ndefu pande zetu za Ziwa Tanganyika.

Katika karne ya 19, njia kubwa ya misafara ilianzia Bagamoyo, pwani ya Bahari ya Hindi, ikapita Tabora na kufika Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu. Ni kilomita zaidi ya 1,000. Kutoka Ujiji, mitumbwi ilivuka hadi Mtowa, kaskazini ya Kalemie ya leo. Kisha watu walishika tena njia ya miguu kuelekea Kasongo na Nyangwe, katika Maniema. Nguo, shanga na bunduki zilikuja kwa njia hiyo. Pembe za tembo na watu waliokamatwa walipelekwa upande wa pwani. Kiswahili nacho kilienea kwetu kwa njia hiyo hiyo.

Sehemu ya mwisho kabla ya Ujiji ilikuwa ngumu. Mpagazi alibeba karibu kilo 30. Katika nchi ya Waha, watemi walidai hongo kwa kila msafara. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley alilipa mara kadhaa, kisha watu wake wakaiacha njia usiku na kupita porini ili wasilipe tena.

Ziwa lilipoonekana kutoka juu ya vilima, mambo yalibadilika. Msafara haukuingia mjini kimyakimya, maana watu wangeweza kudhani ni maadui. Wapagazi walisimama, wakavaa nguo safi walizoziweka kwa siku hiyo. Bendera ilipandishwa, kirongozi akatangulia, ngoma na baragumu zikalia, bunduki zikapigwa hewani. Wakaaji wa mji waliposikia milio hiyo walitoka kuwalaki. Stanley aliingia Ujiji kwa namna hiyo, na humo akamkuta Livingstone.

Livingstone mwenyewe alikuwa ameingia kwa namna nyingine kabisa. Yeye alitoka upande wetu. Tarehe 15 Julai 1871, alikuwa Nyangwe wakati watu wa wafanyabiashara walipofyatulia risasi soko lililojaa watu. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza chakula. Akarudi hadi ziwani akiwa mgonjwa. Alipofika Ujiji mwezi wa Oktoba, alikuta mali aliyotumiwa imekwisha kuuzwa.

Wako pia watu wa tatu, nao ndio waliokuwa wengi. Hao ni mateka kutoka Maniema, walioshuka mtumbwini wakiwa wamefungwa. Hakuna aliyewapigia ngoma. Baadhi yao walisukumwa mbele hadi Tabora na pwani. Wengine walibaki Ujiji wakilima, wakipiga makasia, wakibeba mizigo ya wengine. Walitoka katika makabila mengi, lakini mji uliwaita wote kwa jina moja: Wamanyema. Walijenga nyumba, walioa na kuzaa, wakasema Kiswahili, na wengi wakawa Waislamu. Jina walilopewa na wengine likawa jina la wakaaji wa mji. Hadi leo wajukuu wao wako Ujiji, Tabora, Dar es Salaam, hata Buyenzi katika Bujumbura.

Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, kilomita chache kutoka Ujiji. Misafara ya miguu ikaisha, na bandari ya Kigoma ikachukua kazi ya Ujiji. Lakini kuvuka ziwa kwa ajili ya vita hakukuisha. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa huko Kasulu, katika mkoa wa Kigoma, na familia nyingi za Kivu ya Kusini zilikimbilia huko. Baadhi yenu mna ndugu huko hata sasa.

Safari ya Stanley tunaijua siku kwa siku kwa sababu yeye aliiandika. Mateka wa Maniema walipita njia ndefu kama yake, na Ujiji ilikua kwa mikono yao, lakini majina yao karibu yote yamepotea. Kwa hiyo tunawaomba wazee na wazazi mlio katika kambi na katika familia za wapokezi: waelezeni watoto njia mliyopita. Watajieni vijiji, mito, mahali mlipolala, na jina la mama aliyewapa maji siku ya kuingia mjini. Mwenye daftari aandike, na mwenye simu arekodi sauti, wakati wanaokumbuka wangali hai.