Kipashajoto Kikavu cha Pande

Atokaye Posta akaifuata Barabara ya Barack Obama kandokando ya bahari hufika penye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo asili yake ni kituo cha utafiti wa maradhi ya nchi za joto kilichoasisiwa zama za Wadachi, mwaka 1895, na ambayo leo, chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, ni tegemeo la mahakama na la jamaa wanaotaka kuthibitisha nasaba. Katika kazi ya namna hiyo, chembe zilizochukuliwa shavuni kwa pamba hutiwa nelini pamoja na kimeng'enya, zikawekwa katika joto la nyuzi 56 hata protini zikavunjika na vinasaba vikawa huru. Na chombo kinachokabidhiwa amana ya joto hilo aghalabu huitwa hita tu.

Jina hilo halitoshi. Mtake hita muuza vifaa vya umeme wa Kariakoo, naye atakupa, pasipo taksiri yoyote, koili ya kutumbukiza katika ndoo ya maji ya kuoga.

Chombo chetu ni pande la aluminiamu lililotobolewa vishimo kwa kadiri ya neli, mfano wa kikaango cha vitumbua, nalo hupashwa kwa umeme na joto lake kudhibitiwa lisipande wala kushuka. Shuruti neli igusane na kuta za kishimo, kwani hewa haipitishi joto ila kwa uzito, na uwazi mdogo tu huichelewesha sampuli kulifikia joto ambalo kioo cha chombo kimekwisha kulitangaza.

Kabla yake watu walitumia, na hata sasa hutumia, hodhi la maji moto. Maji yana fadhila zake, maana huizunguka neli ya umbo lolote. Lakini hupungua kwa mvuke, huota ukungu, huacha magamba ya chumvi, hasa yakiwa ya visima vya Dar es Salaam, na lililo baya zaidi, tone lililosalia juu ya kifuniko laweza kuingia nelini pamoja na uchafu wake. Katika shauri la nasaba, uchafu huo waweza kuwa dhuluma kwa mtoto asiye na hatia.

Kwa hiyo ukavu ndio roho ya istilahi tunayoitafuta, wala haufai kuachwa. Ila tusiseme "joto kavu", kwa kuwa hilo ni la hewa ya tanuri la kutakasia vyombo. Kikavu hapa ni chombo. "Bloku" nayo, kwa mkazi wa Dar es Salaam, ni tofali la saruji, ilhali "pande" ni neno letu la kale kwa kipande kikubwa kizima cha mti au chuma. Napendekeza basi kipashajoto kikavu cha pande, na kazini mtu aseme pande tu. Vitundu vyake viitwe vishimo, na kimoja kiachiwe neli ya maji yenye kipimajoto, kwani tarakimu za kiooni ni za pande, si za sampuli.