Tetemeko au Moto? Magazeti na Hadhira Zake katika Maafa ya San Francisco, 1906

Tarehe 18 Aprili 1906, saa 11:12 alfajiri, tetemeko la ardhi liliikumba San Francisco, Marekani. Moto uliofuata uliwaka kwa siku kadhaa na kuteketeza majengo yapatayo 28,000. Zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji walibaki bila makazi.

Siku ya pili, magazeti matatu hasimu, Call, Chronicle na Examiner, yalitoa toleo moja la pamoja lililochapishwa Oakland. Kichwa chake kikuu kilitaja tetemeko na moto bega kwa bega. Baadaye, hata hivyo, mizani hiyo ilivunjika. Wafanyabiashara na kampuni ya reli walihimiza maafa hayo yaitwe "moto". Moto ulikuwa janga la kawaida la miji. Chicago iliungua mwaka 1871 ikajengwa upya. Tetemeko, kwa upande wake, lingeweza kurudi wakati wowote na kuwatisha wawekezaji. Aidha, bima nyingi zilifidia hasara za moto, si za tetemeko. Hivyo, uteuzi wa nomino moja uligusa mifuko ya watu.

Hadhira nyingine ilikuwa na swali jingine. Chung Sai Yat Po, gazeti la Kichina lililohaririwa na Ng Poon Chew, lilihamia Oakland baada ya maafa. Wakati huo viongozi wa jiji walikusudia kuwahamishia Wachina Hunters Point, pembezoni mwa jiji. Kwa wasomaji wa gazeti hilo, jambo kuu halikuwa tetemeko wala moto, bali haki ya kurudi. Gazeti liliwahimiza warejee, wajenge upya na kutetea haki zao kisheria. Ubalozi wa China nao ulipinga mpango huo, ambao hatimaye ulishindikana. Mtaa wa Wachina ulijengwa palepale.

Ukimya pia ulikuwa na hadhira yake. Hesabu rasmi za awali zilitaja vifo visivyofikia 500. Utafiti wa baadaye umekadiria 3,000 au zaidi, na Wachina ni miongoni mwa waliohesabiwa kwa uchache mno.

Kwa hiyo, si lazima gazeti liseme uongo ili kuipinda historia. Hutosha kujibu maswali ya wasomaji wake pekee. Mtafiti anayetegemea kumbukumbu za lugha moja hurithi maswali hayo, na pamoja nayo, wafu wasiohesabiwa.