Mhandisi mmoja, miji miwili: mpango wa maji ambao Hamburg iliuweka kando

Katika miji ya Kivu, kazi ya maji huanza kwa karatasi. Kabla bomba hata moja halijalazwa chini ya barabara, tangazo hutolewa: inatafutwa ofisi ya wahandisi itakayochora mpango wa kuboresha maji ya mji. Wakaaji wengi husikia tangazo hilo na kuendelea na safari yao. Wao wanangoja robine. Wengine hata hukasirika: kwa nini pesa alipwe mtu wa kuchora, wakati akina mama wanapanga mabidoni kwenye foleni tangu saa kumi za usiku?

Swali hilo ni la haki. Lakini historia inaonyesha kwamba karatasi ya mhandisi inaweza kuokoa mji mzima, na kwamba mji ukimlipa mhandisi kisha ukafuata nusu tu ya shauri lake, nusu iliyobaki inaweza kulipwa kwa maiti. Mfano ulio wazi unatoka mbali, kwenye mji wa bandari wa Hamburg, nchini Ujerumani. Ugonjwa wenyewe, wakaaji wa Goma, Bukavu na Uvira wanaujua vizuri: kolera.

Mji ulioungua

Mwezi wa tano 1842, moto mkubwa uliwaka Hamburg kwa siku nne. Watu 51 walikufa na karibu 20,000 wakabaki bila nyumba. Waliokimbia lava ya Nyiragongo mwaka 2002 hawahitaji kuelezwa hali hiyo.

Wakati ule alikuwapo Hamburg mhandisi Mwingereza, William Lindley, mwenye miaka 33. Alikuwa amekuja kujenga njia ya reli kati ya Hamburg na Bergedorf. Reli ilipaswa kuzinduliwa siku zile zile. Badala ya sherehe, treni zake zikabeba watu waliokuwa wanakimbia moto. Wakuu wa mji wakampa Lindley kazi nyingine: kusaidia kuchora upya mji ulioungua, pamoja na mifereji ya uchafu na maji ya kunywa.

Alianza na mifereji ya chini ya ardhi, jambo ambalo miji mingi ya Ulaya haikuwa nalo bado. Mwaka 1848 kiwanda cha maji kikafunguliwa Rothenburgsort, pembeni ya mto Elbe. Mashine za mvuke zilivuta maji ya mto na kuyasukuma hadi majumbani. Kwa macho ya watu wa wakati ule, ilikuwa maendeleo makubwa.

Sehemu iliyoachwa

Kulikuwa na kasoro moja. Maji yalikuwa yanatulizwa tu ndani ya mabwawa ili matope yashuke chini. Hayakuchujwa. Lindley alishauri mji ujenge vichujio vya mchanga, lakini gharama iliwashtua wenye mamlaka. Hamburg ilijitawala yenyewe, na wenye kauli walikuwa wafanyabiashara wakubwa na wenye nyumba. Kila mara swali likawa lile lile: nani atalipa? Shauri likawekwa kando. Lindley akaondoka Hamburg mwaka 1860.

Mji uliendelea kukua. Uchafu wake ulimwagwa ndani ya Elbe, mto ule ule uliowapa watu maji. Mahali pa kuvutia maji palikuwa juu ya mji, lakini bahari inapojaa, maji ya Elbe hurudi nyuma, na uchafu hurudi pamoja nayo. Mwaka 1890, miaka mingi baada ya shauri la kwanza, mji ukakubali kujenga vichujio. Kazi ikaanza. Haikuwahi kwisha kabla ya maafa.

Mwezi wa nane 1892

Kiangazi cha 1892 kilikuwa cha joto, na mto ulishuka. Mwezi wa nane kolera ikaingia. Wakuu wa mji walikawia kuitangaza kwa kuogopa biashara ya bandari isisimame. Serikali ya Berlin ikamtuma daktari Robert Koch, aliyetambua kijidudu cha kolera miaka michache kabla. Mabomba yale yale yaliyoleta maendeleo yalikuwa yanasambaza ugonjwa katika kila mtaa. Katika wiki chache watu karibu 17,000 waliugua, na zaidi ya 8,600 wakafa.

Kando ya Hamburg kulikuwa na mji mwingine, Altona. Mpaka kati yao ulikuwa barabara tu. Mgeni asingejua ametoka mji mmoja na kuingia mwingine. Altona pia ilikunywa maji ya Elbe, tena ilivuta chini zaidi, baada ya mto kupokea uchafu wa Hamburg. Kwa hesabu ya kawaida Altona ndiyo ingekufa zaidi. Lakini ilipata wagonjwa wachache sana, na wengi wao walikuwa wameambukizwa Hamburg. Koch alikuta hata kiwanja kimoja cha nyumba ndani ya mpaka wa Hamburg kilichopata maji kutoka Altona. Watu wake walinusurika.

Tofauti ilikuwa mchanga. Tangu 1859 Altona ilichuja maji yake. Kichujio cha namna hiyo ni bwawa lenye tabaka nene la mchanga, na changarawe chini yake. Maji hupita polepole sana. Baada ya siku kadhaa utando wenye utelezi hujengeka juu ya mchanga, wenye viumbe vidogo vinavyokula na kunasa vijidudu. Hakuna dawa ya bei kali wala mashine ya ajabu.

Hamburg ilimaliza vichujio vyake mwaka 1893, watu wakiwa wameshazikwa.

Mji wa pili ulisikiliza

Lindley hakuishia Hamburg. Warszawa, nchini Poland, wakati huo ilikuwa chini ya dola la Urusi. Meya wake tangu 1875 alikuwa jenerali Mrusi, Sokrates Starynkiewicz. Alimwita Lindley achore mpango wa maji na mifereji kwa mji wote. Wenye nyumba walilalamika hapa pia kwamba gharama ni kubwa. Meya hakurudi nyuma. Kazi ilianza 1881 chini ya uongozi wa mtoto wa Lindley, naye mhandisi, na maji yaliyochujwa yakaanza kutoka mwaka 1886. Vichujio hivyo viko hadi leo, na bado vinafanya kazi.

Mhandisi alikuwa mmoja na shauri lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni wale waliompa kazi.

Inawahusu nini watu wa Kivu?

Goma iliona mwaka 1994 jinsi kolera inavyoua pale watu wengi wanapokosa maji safi: wakimbizi kutoka Rwanda walikufa kwa maelfu ndani ya wiki chache. Mwaka 2021 lava ya Nyiragongo iliharibu tangi kubwa la Buhene, na sehemu kubwa ya mji ikakosa maji. Kwa upande wa Uvira, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha maji yaliyosukumwa kutoka kiwandani na wagonjwa waliopokelewa kati ya 2009 na 2014. Ulionyesha kwamba katika siku kumi na mbili zinazofuata baada ya maji kukatika, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kolera waliongezeka zaidi ya mara mbili. Maana yake, maji yakisafishwa vizuri lakini pampu zikizimika, watu hurudi mtoni na ziwani, na ugonjwa hurudi nao.

Kwa hiyo tangazo la kutafuta wahandisi si jambo la watu wa ofisi peke yao. Wakuu wa mitaa, mashirika ya raia na kamati za wahami wana haki ya kuuliza maswali mapema, mpango ukiwa bado wino. Maji yatavutwa wapi, na uchafu wa mji unaishia wapi? Yatasafishwa namna gani? Umeme ukikatika, pampu zitaendeshwa na nini? Hesabu ya watakaokunywa imeingiza familia zilizo kwenye makambi na zile zinazopokewa na jamaa, au imehesabu tu nyumba zenye kompteri? Nani atalipa matengenezo baada ya wafadhili kuondoka? Na mhandisi ni huru, au ndiye atakayeuza pia mabomba?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote: mpango ukishapokelewa, ni sehemu gani itaachwa kwa sababu ya gharama, na nani ameamua iachwe? Hamburg haikukosa mhandisi. Watu wake walikosa kuuliza swali hilo kwa sauti kubwa, miaka thelathini kabla ya mazishi.