Ujenzi Ulipopungua: Makazi ya Dar es Salaam Tangu 1962

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, muda mfupi baada ya Uhuru. Kazi yake kubwa ya mwanzo jijini Dar es Salaam ilikuwa kubomoa vibanda vya udongo na makuti na kujenga nyumba za bloku zenye paa la bati, hasa Magomeni. Familia nyingi zilipata makao bora. Lakini kwa kuwa nyumba mpya zilisimama palipobomolewa za zamani, vyumba vilivyoongezeka mjini vilikuwa vichache kuliko idadi ya nyumba zilizojengwa.

Muongo uliofuata ujenzi rasmi ulipungua. Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakalia yote. Majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na wenye mitaji, wengi wao Waasia, wakaacha kujenga nyumba za kupangisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri za miji zilivunjwa, na hadi ziliporejeshwa mwaka 1978 upimaji wa viwanja ulikuwa umezorota. Kisha zikaja bei kubwa ya mafuta, Vita vya Kagera vya 1978–79 na uhaba wa fedha za kigeni. Saruji, bati na nondo viliadimika, ingawa kiwanda cha saruji cha Wazo kilikuwa kikifanya kazi tangu 1966.

Watu hawakupungua pamoja na ujenzi. Jiji lililokuwa na wakazi takriban 270,000 mwaka 1967 lilipita 750,000 mwaka 1978, na mkoa mzima ulihesabiwa watu wapatao milioni 1.36 mwaka 1988.

Dalili ya kwanza ya uhaba wa nyumba ilionekana katika majumba ya katikati ya mji. Kodi yake ilikuwa na kikomo kisheria, na kikomo hicho kilimlinda aliyekwisha kuingia. Aliyebaki nje alilazimika kutoa kilemba, yaani fedha ya kuachiwa nyumba, ambayo haikuandikwa katika mkataba wowote. Mpangaji hakuona sababu ya kuhama. Watoto walikua, wakaoa na kuzaa humo humo. Nyumba ya kodi nafuu ikawa ya mwenye bahati au mwenye kujuana na watu, huku mwenye shida zaidi akiendelea kuhangaika.

Dalili ya pili ilikuwa msongamano wa Kariakoo, Ilala na Magomeni. Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na ua wenye jiko na choo, ilifaa kupangishwa chumba kimoja kimoja. Familia nzima iliishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na uani yakaongezwa mabanda. Choo kilichochimbwa kwa ajili ya ukoo mmoja kikahudumia kaya sita au zaidi.

Matokeo makubwa kuliko yote yalitokea pembezoni. Manzese, Buguruni na baadaye Mbagala, wenye mashamba walikata vipande na kuviuza kwa hati ya mkono mbele ya balozi wa nyumba kumi. Mnunuzi alifyatua bloku pale pale kiwanjani: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, paa siku bati zitakapopatikana. Chumba cha kwanza kilipokamilika kilipangishwa ili kodi yake ijenge cha pili. Mafundi na wachuuzi waliojinyima hivyo ndio walioliepusha jiji na watu kulala nje. Ila hakuna aliyetenga njia, mtaro wala uwanja wa shule.

Serikali haikukaa kimya. Benki ya Nyumba ilianzishwa mwaka 1972 kutoa mikopo ya ujenzi. Kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaboreshewa barabara na maji. Viwanja havikutosha, na vingi viliishia kwa wenye kipato cha kati waliomudu kujenga kwa masharti yaliyowekwa. Ufadhili huo ulikoma mapema miaka ya 1980. Mwaka 1990 kazi za Msajili wa Majumba ziliunganishwa na Shirika la Nyumba, lililorithi majumba ya zamani. Benki ya Nyumba, iliyolemewa na mikopo isiyorejeshwa, ilifungwa mwaka 1995.

Upimaji mkubwa ulirudi mwaka 2002 kwa mradi wa viwanja 20,000, mingi ya mitaa yake ikiwa mbali na katikati ya jiji. Wakati huo zaidi ya theluthi mbili ya wakazi walikuwa katika maeneo yasiyopimwa. Huko, barabara ambayo miaka ya 1970 ingehitaji kamba na vigingi tu sasa inahitaji kubomoa nyumba za watu na kuwalipa fidia.