GPA 3.7 ya Jamaa wa Kolandoto

Jamaa mmoja wa Kolandoto, nje kidogo ya Shinyanga mjini (jina liwekwe pembeni), alipiga msuli wa saikolojia miaka mitatu chuo kikuu, akatoka na 3.7. Ukufunzi msaidizi, ngazi ya kwanza ya uhadhiri, unataka 3.8. Sapu moja ya mwaka wa kwanza, kwisha habari!

India walipita njia nyingine. Tangu 1989 wana NET, mtihani wa taifa. Una masta ya saikolojia? Unaufanya. Ukifaulu unaruhusiwa kufundisha, na waliong'ara zaidi wanapata posho ya utafiti. Ukifeli, unajaribu tena. Siyo peponi, lakini: Juni 2024 waliufanya watu zaidi ya 900,000, kesho yake serikali ikaufuta. Vilio! Ila Agosti ukaanza kurudiwa.

GPA ya jamaa bado 3.7.