Wimbi, Mahindi na Ardhi Isiyopumzika: Kilimo cha Kericho na Bomet

Makala haya mafupi yanakusudia kuchunguza dai linalosikika mara kwa mara: kwamba wakulima wa Kericho na Bomet watauponya udongo wao wakiirudia nafaka ya mababu, yaani wimbi (au ulezi, kama wasemavyo Watanzania). Dai hili halikosi ukweli, ila limeshika jina la zao na kuusahau utaratibu uliolitunza zao hilo.

Zamani Wakipsigis walifyeka pori, wakachoma majani, wakapanda wimbi misimu michache, kisha wakahamia konde jingine. Pale pa kwanza paliachiwa ng'ombe na vichaka mpaka udongo urudiwe na nguvu. Utaratibu huo ulihitaji nafasi, na nafasi ndiyo iliyotoweka. Ardhi nyingi ilitwaliwa na walowezi, na katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza kupanda chai Kericho. Vibarua wa mashamba hayo walilishwa unga wa mahindi. Soko likawa limepatikana. Mwenye eneo dogo akalizungushia ua, akalima mahindi mwaka baada ya mwaka. Chai nayo, ambayo Mwafrika alizuiwa kuilima hadi miaka ya 1950, ilienea kwa wakulima wadogo hasa baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964. Mchai hukaa ardhini miongo mingi, kwa hiyo sehemu ya kuzungushia mazao ikazidi kupungua.

Mnamo Septemba 2011, huko Longisa, Bomet, mahindi yalianza kukauka yakiwa bado machanga. Ilibainika kwamba virusi viwili vilikuwa vimeungana: kimoja husababisha madoa ya kimanjano katika mahindi, na cha pili hujulikana zaidi katika miwa. Huenezwa na wadudu wadogo, vidukari wakiwamo, na kwa kiasi kidogo kwa mbegu. Wataalamu walishauri mimea iliyougua ing'olewe, na msimu mmoja shamba lipewe viazi, maharagwe au mboga.

Hapo ndipo dai letu linapojikwaa. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa kwamba virusi vyote viwili vimeonekana katika wimbi lenyewe nchini Kenya. Si ajabu: wimbi, mahindi na miwa ni jamaa moja ya nyasi. Aliyeng'oa mahindi akapanda wimbi papo hapo hakuukata mnyororo wa ugonjwa.

Kwa maoni yangu, urithi wa wazee ulikuwa katika lile pengo la kupumzika kuliko katika punje. Istilahi mpya ya "kilimo ikolojia" inalibeba wazo hilo, ingawa wengi huitumia kana kwamba ni orodha ya mimea ya asili tu. Wala pengo si jambo jepesi. Mwenye nusu ekari kando ya michai yake akiacha mahindi msimu mmoja, unga wa msimu huo ataununua dukani, kwa fedha ya majani ya chai ambayo bei yake haipangi yeye.